Hausi ya Mara Si Bweni: Kumwelewa Kiranja, Kapteni na Rais wa Wanafunzi

Jirani yangu hapa Umoja aligonga mlango Jumapili jioni, barua mkononi, uso umemkunjamana. Binti yake ameanza Gredi ya 10 mwaka huu katika shule ya kutwa isiyo mbali na hapa. Barua ilisema mtoto amepangiwa Hausi ya Mara, anunuliwe fulana ya njano kabla ya siku ya michezo, na kwamba jina lake limepita usaili wa wagombea wa baraza la wanafunzi.

"Mwalimu," akaanza hata kabla ya kuketi, "mimi nimelipa karo ya kutwa. Mara ninayoijua ni mbuga ya wanyama. Hii nyingine ni bweni? Nani amesema mtoto wangu atalala shuleni? Na huu uchaguzi, mbona sisi wazazi hatujaitwa?"

Nikamtilia chai, tukaisoma barua mstari kwa mstari mpaka taarifa ya habari ya saa tatu ikaanza. Maswali yake si yake peke yake. Tangu watoto wa Gredi ya 10 waripoti Januari, nimeulizwa hayo hayo kwenye matatu, kanisani, hata kwenye foleni ya kinyozi. Wazazi wengi wa Nairobi walisoma shule ambazo kiranja alikuwa kiranja basi, mambo yakaishia hapo. Sasa wanasikia rais, gavana, spika, kapteni, na hausi zenye majina ya mito, wanashindwa pa kushika.

Nusu ya mkanganyiko huu ni ya maneno, kwa hiyo tuanzie hapo. Hausi ni kundi la kudumu ambalo mwanafunzi hutiwa anaposajiliwa na kutoka anapomaliza shule. Halitegemei darasa lake wala mkondo wake. Kapteni wa hausi ni mwanafunzi anayeliongoza kundi hilo. Kiranja, ambaye wengi tulizoea kumwita prifekti, ni mwanafunzi aliyepewa kazi ya kusimamia jambo fulani: usafi, kengele, maktaba, chakula. Baraza la wanafunzi nalo ni chombo cha wawakilishi waliochaguliwa na wanafunzi wenzao, na mkuu wake siku hizi huitwa rais. Shule moja huwa na vyote hivi, nyingine ina viwili tu. Ndiyo maana ukimwuliza mwenzako anayesomesha mtoto kwingine, majibu yenu hayalingani.

Ukitaka picha ya haraka, hausi ni kama ukoo. Hukuuchagua, umejikuta ndani yake, na ukifanya vizuri sifa inawafikia wote. Uongozi ni kama kuwa mweka hazina wa chama chenu cha kuchangishana: watu wamekuamini kwa muda, wanakupa daftari, na mwaka ukiisha unalirudisha likiwa na hesabu zake. Mtu hafukuzwi kwenye ukoo kwa kushindwa kuwa mweka hazina. Mtoto wa jirani yangu atabaki wa Mara akishinda uchaguzi, na atabaki wa Mara akishindwa.

Jinsi ya kumpata mwana wa hausi

Nilikuwa mlezi wa hausi kwa miaka sita, na kila Januari mzazi mmoja au wawili walikuja kuniomba nimhamishe mtoto aende kwenye "hausi nzuri". Walidhani hausi hupangwa kwa alama, kwamba iko ya werevu na iko ya mabaki. Sivyo. Shule nyingi hugawa kwa namba ya usajili. Tuseme shule ina hausi nne na mtoto ana namba 7431. Gawanya kwa 4, inabaki 3, basi anaenda hausi ya tatu. Anayemfuata mwenye 7432 habakishi kitu, anaenda ya nne. Ni kama kugawa karata: moja kwako, moja kwake, moja kwangu, mpaka zinaisha. Shule zingine huwaweka ndugu pamoja, nyingine huangalia kwanza kwamba kila hausi imepata wavulana na wasichana sawa. Lakini alama za mtihani hazihesabiwi.

Ugawaji huo wa kubahatisha una kazi yake, na kwa maoni yangu ndiyo faida kubwa kuliko zote za mpango huu. Mtoto wa Nairobi darasani huketi na walio na umri wake, wakati wa mapumziko hukaa na anaopanda nao basi moja, na mara nyingine, tuseme ukweli, na wanaozungumza lugha ya nyumbani kwao. Hausi huichanganya karata hiyo. Mtoto wa Gredi ya 10 kutoka Kayole anajikuta akifundishwa kupokezana kijiti na mvulana wa Kidato cha Nne aliyetoka Garissa, huku msichana wa Kidato cha Tatu kutoka Kisii akimpigia kelele akimbie. Katika shule za kitaifa, ambazo huchukua wanafunzi kutoka kaunti zote 47, jambo hili ni zito zaidi.

Katika shule ya bweni hausi huwa pia mahali pa kulala: jengo lake, vitanda vyake, kamba zake za kuanikia nguo. Katika shule ya kutwa hausi haina jengo. Ipo kwenye rangi ya fulana, kwenye ubao wa pointi, na kwenye kikao cha nusu saa cha kila wiki au kila mwezi. Jirani yangu aliposikia hivyo akashusha pumzi. Fulana ya njano tu, hakuna godoro.

Pointi nazo huwasumbua watu, kwa hiyo nieleze kidogo. Shule huweka kiwango: mshindi wa kwanza wa mbio huletea hausi yake labda pointi 5, wa pili 3, wa tatu 1. Kuna pointi za usafi, za mdahalo, za muziki, za kuboresha alama darasani. Shule makini haiishii kujumlisha. Chukua hausi nyekundu yenye wanafunzi 160 iliyopata pointi 640, na ya kijani yenye wanafunzi 120 iliyopata 540. Kwa kujumlisha, nyekundu imeshinda. Kwa kugawa, nyekundu ina pointi 4 kwa kila mwanafunzi, kijani ina 4.5, na kombe linaenda kwa kijani. Nimewahi kuona watoto wakilia kwa sababu shule ilisahau kugawa. Kilio chao kilikuwa cha haki, na kombe likarudishwa.

Neno hausi limetoka wapi

Lilikuwa nyumba kweli. Katika shule za bweni za Uingereza za zamani, wavulana waliotoka mbali walipangiwa kulala kwenye nyumba zilizozunguka shule, kila nyumba ikiwa na mwalimu wake. Nyumba zikaanza kushindana, na jina likabaki hata pale ambapo nyumba zenyewe hazipo. Katika shule ya Rugby, Thomas Arnold, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1828 hadi kifo chake 1842, aliwapa wavulana wa darasa la juu mamlaka rasmi ya kuwasimamia wadogo, na mtindo huo ukaenea katika shule nyingine za huko, kisha ukasafiri na wamishonari na serikali ya kikoloni hadi kwetu.

Shule ya Prince of Wales ilifunguliwa Kabete mwaka 1931 kwa ajili ya wavulana Wazungu. Hausi zake zilibeba majina kama Rhodes na Clive, wajenzi wa himaya ya Uingereza kusini mwa Afrika na huko India. Leo ni Nairobi School, na mtoto anayeingia hupangiwa Athi, Tana, Baringo, Naivasha au Marsabit. Alliance ya wavulana, iliyoanza Kikuyu mwaka 1926, ina Livingstone na Wilberforce, majina ya Waingereza, lakini pia ina Aggrey, jina la msomi Mwafrika kutoka nchi tunayoiita Ghana leo, aliyezuru Afrika Mashariki mwaka 1924. Kwa hiyo ukisikia hausi ya shule inaitwa kwa jina la mto au mlima, usishangae. Ni watu waliorithi kikapu cha mwingine wakatia mazao yao.

Neno prifekti nalo lina asili ya Kilatini, mtu aliyewekwa mbele au juu ya wengine kusimamia. Sisi tulikuwa na neno letu, na kila nikilifikiria naona lilijua zaidi. Kiranja, kabla hajawa mwanafunzi mwenye beji, alikuwa yule mvulana anayetangulia kutahiriwa katika kundi lake jandoni. Wenzake wamesimama nyuma, wanamtazama. Akivumilia, na wao watavumilia. Hakupewa fimbo ya kuwachapa. Alipewa zamu ya kwanza mbele ya kisu.

Weka maneno hayo mawili pamoja, aliyewekwa juu na aliyetangulia mbele, nawe utauona mvutano wote uliomo katika uongozi wa wanafunzi Kenya.

Kuagiza na kusemea

Shule niliyosoma mimi, viranja waliteuliwa na walimu. Nikiwa mono, mgeni wa Kidato cha Kwanza, kiranja wa bweni letu alitufulisha soksi zake na kutupigisha magoti kwenye sakafu ya saruji saa nne usiku kwa kosa la kucheka. Hakuna aliyeshtaki, kwa kuwa njia ya kushtaki ilipitia kwake. Ripoti ya bweni ilikuwa mwandiko wake. Kwa walimu, bweni letu lilikuwa tulivu kuliko yote.

Utulivu wa aina hiyo una bei. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja chumbani usiku na kuwasha moto. Viranja 4 walikufa. Walikuwa watoto, kama walivyokuwa watoto waliowasha moto. Siandiki haya kuwatetea waliofanya unyama ule. Nayaandika kwa sababu mtoto aliyewekwa kati ya walimu na wanafunzi, akawa sikio la wakubwa na fimbo kwa wenzake, amewekwa mahali pa hatari, na aliyemweka pale ni mtu mzima.

Baada ya wimbi la migomo na moto la mwaka 2008, mjadala ukabadilika. Mwaka 2009 likaanzishwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, Wizara ya Elimu, chama cha walimu wakuu na UNICEF wakishirikiana, na shule zikahimizwa kuacha kuteua viranja ofisini na kuwaacha wanafunzi wapige kura. Mwaka uliofuata tukapata Katiba ya 2010, na watoto, ambao husikia redio kama sisi, wakachukua majina yake. Rais, naibu wa rais, gavana wa bweni, spika, waziri wa mazingira. Majina hayo hayamo katika sheria yoyote. Shule ikipenda, mkuu wa baraza ataitwa mwenyekiti, au kaka mkuu na dada mkuu, na hakuna kilichoharibika.

Kilichomo katika sheria ni kizito kuliko majina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 (neno "msingi" humo linahusu shule ya upili pia) inasema katika kifungu cha 56 kwamba bodi ya usimamizi ya shule ya umma iwe na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Anaingia kwa wadhifa wake, maana yake kiti ni cha baraza. Akimaliza muhula wake, kiti kinamsubiri anayemfuata. Fikiria maana ya hilo. Chumba kinachojadili bajeti ya chakula, maji na ujenzi wa vyoo kina mtoto mmoja anayekula chakula hicho na kutumia vyoo hivyo. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, ambao ibara yake ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kuzingatiwa kulingana na umri na upevu wake.

Wala tusidhani kusikiliza watoto kulianza na sheria. Starehe, shule ya wavulana hapa Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ilijulikana kwa baraza lake, ambapo mvulana yeyote aliweza kuuliza swali au kulalamika mbele ya mkurugenzi na kujibiwa hadharani.

Tofauti basi ni hii. Kiranja wa mtindo wa zamani hubeba neno la mwalimu kulipeleka kwa wanafunzi: nyamazeni, fagieni, pangeni foleni. Mwakilishi wa baraza hulibeba neno la wanafunzi kulipeleka kwa walimu. Shule inahitaji vyote viwili, maana bila mtu wa kugonga kengele masomo hayaanzi. Tatizo huja shule inapowapigisha watoto kura, kisha inamkabidhi mshindi kazi ya kugonga kengele tu. Hapo watoto wamechagua mtu wa kuwaamrisha, na wanalijua hilo haraka sana.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Shule moja niliyofundisha ilikuwa na bwalo dogo, kwa hiyo hausi ziliingia kula kwa zamu, moja baada ya nyingine, kila siku kwa mpangilio ule ule. Kiranja wa chakula, mvulana mrefu mkimya, ndiye aliyeshika upawa wa githeri. Upawa ni mamlaka makubwa kuliko beji yoyote. Aliye nao ndiye anayeamua nani apate maharagwe na nani apate mchuzi na mahindi. Kiranja aliyemtangulia alikuwa na marafiki waliochotewa kutoka chini ya sufuria. Huyu alifanya kitu kingine. Alianza kuandika kwenye karatasi ya nyuma ya daftari lake la kemia: Jumanne, 11 hawakutosheka. Jumatano, 14. Alhamisi, 9. Kila mara, hausi ile ile, iliyokuwa ya mwisho kuingia.

Akaipeleka ile karatasi kwenye kikao cha baraza, baraza likaipeleka kwa naibu wa mwalimu mkuu. Walimu tulikuwa tumeshasikia manung'uniko kuhusu githeri kwa miezi, tukadhani ni manung'uniko ya kawaida ya tumbo la ujana. Karatasi ile haikunung'unika. Ilikuwa na tarehe na hesabu. Wiki iliyofuata zamu zikaanza kuzunguka, aliyekuwa wa mwisho Jumatatu akawa wa kwanza Jumanne, na mpishi akaongeza debe moja la mahindi siku za mazoezi. Hakuna aliyegoma wala aliyefukuzwa.

Yanayosemwa mitaani

Nimesikia mzazi akisema kiranja anaruhusiwa kuchapa "kidogo". Haruhusiwi. Hata mwalimu haruhusiwi. Adhabu ya viboko iliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kuteswa au kudhalilishwa kwa namna yoyote, mwilini au kisaikolojia. Kupigisha mtoto magoti, kumnyima chakula, kumfulisha nguo, yote yamo humo. Mtoto wako akirudi nyumbani na habari kama hiyo, usimwambie "hata sisi tulipitia". Mwone mwalimu wa zamu, kisha naibu, kisha mwalimu mkuu, na uandike tarehe.

Wengine wanaogopa kwamba wanafunzi wakiachiwa kura watamchagua mchekeshaji. Hutokea, lakini kabla ya kura kuna usaili. Mgombea hujaza fomu, walimu huangalia nidhamu yake, mahudhurio yake na kama anamudu masomo, ndipo jina lake libandikwe. Walimu hawajapoteza usemi. Wanachuja, wanafunzi wanachagua. Ninaloliogopa mimi ni kinyume chake: usaili unaochuja kila mtoto aliyewahi kuuliza swali gumu. Chujio likiwa zito hivyo, kura ni pambo.

Halafu kuna lile la "uongozi utamshusha alama". Linategemea amepewa nini. Mtoto anayegonga kengele mara kumi kwa siku na kuandika majina ya waliopiga kelele wakati wa masomo ya jioni atachoka kweli. Anayehudhuria kikao cha saa moja kila wiki mbili hachoki. Uliza saa, usikadirie kwa cheo. Mtoto ambaye tayari anahangaika darasani ana haki ya kusema "sitagombea mwaka huu", na mzazi asimsukume kwa ajili ya picha ya kuapishwa.

Kuna pia swali la nani mkubwa, kapteni wa hausi au rais. Hakuna mkubwa. Kapteni ana uwanja wake, rais ana wake. Wakikutana kwenye michezo kapteni anaongoza, wakikutana barazani kapteni anamsikiliza spika kama wengine.

Mwaka huu kuna jambo la pekee linaloongeza mkanganyiko. Shule za upili zina Kidato cha Nne, Kidato cha Tatu na Gredi ya 10. Kidato cha Pili hakipo, kwa sababu darasa la mwisho la 8-4-4, mtaala wa zamani, liko Kidato cha Tatu na hakuna lililolifuata mpaka hawa wa mtaala mpya walipofika. Zamani Kidato cha Nne waliwaachia Kidato cha Tatu, nao Kidato cha Pili wakawa wasaidizi, wanajifunza. Sasa ngazi imepungua daraja moja, na watoto waliofika juzi ndio wanaoitwa kuwa wasaidizi wa kapteni na wawakilishi wa madarasa. Si kwamba shule imeharakisha mambo. Hakuna wengine. Na mwaka 2027, Kidato cha Nne wa mwisho wakijiandaa kuondoka, urais utashuka moja kwa moja kwa Gredi ya 11, ambao ndio hawa wa leo. Kwa hiyo wanachojifunza mwaka huu kuhusu beji ndicho watakachowapa watakaowafuata.

Kura yenyewe

Siku ya kura inapendeza kuiona ikiendeshwa vizuri. Wagombea huomba kura kwenye paredi, dakika mbili mbili, walimu wakishika saa. Kadi za kura hupigwa chapa, sanduku hufunguliwa mbele ya wote kuonyesha halina kitu, kila mmoja huingia peke yake nyuma ya pazia au ubao, na kura huhesabiwa kwa sauti wagombea wakishuhudia. Katika shule za mchanganyiko, nyingi hutaka rais akiwa mvulana, naibu awe msichana, au kinyume chake, na huangalia baraza lisizidi theluthi mbili ya jinsia moja, kanuni iliyokopwa kutoka ibara ya 27 ya Katiba.

Mzazi mmoja aliwahi kuniuliza mbona mwanawe alishindwa "na watu wengi hawakumtaka mshindi". Alikuwa sahihi kwa hesabu. Wapiga kura 600, wagombea watatu: 240, 200 na 160. Aliyepata 240 ameshinda, ingawa 360 walipigia wengine. Shule zingine hurudia kura kati ya wawili wa juu. Nyingine humfanya wa pili kuwa naibu, na hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu wale 200 hawatoki uwanjani mikono mitupu. Muhimu kanuni ijulikane kabla ya kura, si baada yake.

Kinachoniuma ni pesa za wazazi. Nimeona mabango ya rangi yaliyochapishwa mjini kwa ajili ya kiti cha kiranja wa maktaba. Nimeona mifuko ya peremende ikipitishwa chini ya madawati, na siku moja mzazi alituma bodaboda na katoni ya mandazi ya "kusalimia darasa". Yule mtoto alishinda. Wiki ya tatu wenzake walikuwa bado wanamwuliza mandazi mengine yatakuja lini, naye hakuwa na jibu. Kama shule ya mtoto wako haijapiga marufuku mambo hayo, ombeni kwenye mkutano wa wazazi yapigwe marufuku. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono yatosha.

Jirani yangu alisikiliza yote haya, kisha akamwita binti yake kwa simu aje. Msichana akaja na daftari. Anagombea kuwa mwakilishi wa wasichana wa Gredi ya 10. Mama yake akataka kujua atasema nini kwenye paredi, kama anahitaji kuandikiwa na mtu anayejua Kiswahili kizuri. Akatusomea aliyoandika, mistari sita. Hakuahidi bwawa la kuogelea wala safari ya Mombasa. Vyoo vya wasichana, alisema, vina milango minne na ndoo moja tu isiyo na kifuniko ya kutupia sodo, na wapo wanaokaa nyumbani siku hizo kwa sababu hawana pa kuzitupa bila kuonekana. Akichaguliwa ataomba ndoo nne zenye vifuniko.

Nikamwambia kwamba mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi iliongezwa kipengele kinachoitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma sodo za bure na njia salama ya kuzitupa. Akanitazama kidogo, akauliza kama anaweza kulitaja hilo kwenye paredi au litaonekana kama kugombana na mwalimu mkuu. Tukapanga namna ya kulisema kwa adabu: kwamba sheria ipo, na baraza liko tayari kusaidia shule kuitimiza. Akafuta mstari wa tano, akaandika upya.

Kura ni Ijumaa. Fulana ya njano mama yake ameipata Gikomba kwa shilingi 300, na ameshaandika jina la binti yake kwenye ukosi kwa wino usiofutika.